Kuranti Nyeusi na Waliozitafutia Aina Njema

Katika maduka ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam huuzwa sharubati ya rangi ya zambarau iliyokoza, iitwayo Ribena, ambayo watoto wetu wengi wamekwisha kuinywa pasipo kuliona tunda lililoizaa. Wala si ajabu, kwa kuwa tunda lenyewe halioti katika joto la pwani, na kichaka chake hakikubali kuchanua ila kiwe kimelala kwanza usingizi mrefu wa baridi. Tunda hilo ni kuranti nyeusi, na mti wake wataalamu huuita Ribes nigrum, ambako ndiko sharubati ilikopata jina lake. Ni tunda dogo la mviringo, jeusi la kung'aa, lenye kuning'inia pamoja na wenzake katika kishada chembamba mfano wa ushanga uliotungwa. Ladha yake ina ukali wenye kuamsha ulimi, na doa lake katika nguo nyeupe halina msamaha, kama lilivyo doa la zambarau.

Historia ya tunda hili ina funzo kubwa kuliko umbo lake. Aghalabu watu hudhani kuwa mkulima akiisha kupata mbegu njema amemaliza kazi, na kwamba yaliyobaki ni kupanda na kuvuna mpaka siku za wajukuu. Habari za kuranti nyeusi zinashuhudia kinyume cha dhana hiyo: kwamba aina njema ya mmea si ushindi, bali ni suluhu, na suluhu, kama wajuavyo wazee waliopata kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, hudumu maadamu masharti yake hayajabadilika.

Asili ya kuranti nyeusi ni misitu yenye unyevu ya Ulaya ya kaskazini na ya kati, ikaenea mashariki hadi Siberia. Watu waliichuma porini na kuifanya dawa kabla ya kuitukuza kuwa chakula. Majani yake yalichemshwa yakanywewa, na maji ya tunda yakatumiwa kutuliza koo lenye maumivu. Katika bustani za Uingereza ilikaa muda mrefu nyuma ya ndugu yake, kuranti nyekundu, kwa sababu harufu ya majani yake ni kali, na wengi waliichukia. Mwaka 1826 orodha ya Jumuiya ya Kilimo cha Bustani ya London ilitaja aina tano tu za kuranti nyeusi. Katika miaka mia iliyofuata idadi hiyo iliongezeka, lakini iliongezeka kwa bahati zaidi kuliko kwa hesabu: mche ulijiotea penye ua, mwenye bustani akaona kwamba matunda yake ni makubwa kuliko ya jirani, akakata vijiti wakati wa majani kupukutika, akavichomeka ardhini, na kila kijiti kikawa mti ulio sawasawa na mama yake. Hiyo ndiyo fadhila ya mkuranti, kwamba haudai mbegu ili kuendeleza nasaba yake. Kijiti cha urefu wa shibiri moja kinatosha. Lakini fadhila hiyo hiyo, kama tutakavyoona, ndiyo iliyofungua mlango wa msiba.

Mtu wa kwanza kuitazama jamaa hii ya miti kwa jicho la mwanachuoni, na si la mfanyabiashara, alikuwa Ronald Hatton, mkuu wa kituo cha utafiti cha East Malling, katika jimbo la Kent, kilichoanzishwa mwaka 1913. Alikuta mashamba yaliyojaa majina, lakini majina hayo hayakuwa na mwenyewe: mti mmoja ulikuwa ukiitwa kwa majina manne kwa wauzaji wanne, na jina moja likapewa miti isiyofanana, hata mkulima aliyelipa fedha zake kwa ajili ya aina fulani akawa kama mtu aliyeagiza embe boribo akaletewa embe sindano, naye hana pa kushtaki, maana kapuni pameandikwa boribo. Hatton akaikusanya miti hiyo mahali pamoja, akaipanda katika udongo mmoja chini ya anga moja, akaipima mwaka baada ya mwaka kwa jani, kwa tumba, kwa ua na kwa tunda. Na mwaka 1920 akatangaza kwamba aina 26 alizozichunguza zaingia katika makabila manne makubwa. Kazi hiyo haikuzaa hata tunda moja jipya, wala mwuzaji hawezi kuitangaza sokoni. Hata hivyo ndiyo msingi wa yote yaliyofuata, kwa kuwa mtu hawezi kusema kwamba hiki ni bora kuliko kile kabla hajajua kwa yakini hiki ni kipi na kile ni kipi.

Wakati huo huo mashamba yalikuwa yakipata ugonjwa wa ajabu. Kichaka kilichokuwa kikizaa sana kilianza kutoa majani yaliyopungua mishipa na kukosa umbo lake la kawaida, kikachanua vizuri, kisha kikakosa matunda. Nacho hakikufa, bali kiliendelea kusimama mwaka hata mwaka kikila mbolea ya bwana wake bila ya kumlipa. Wakulima walisema kuwa mti umerudi katika hali ya mwitu. Pamoja na dalili hiyo ilionekana nyingine: matumba yaliyopaswa kuwa membamba wakati wa kipupwe yalivimba yakawa mviringo kama njegere. Mtu akilifumbua tumba la namna hiyo kwa ukucha, jicho tupu halioni kitu ila unga mweupe. Lakini akiuweka unga huo chini ya kioo cha kukuzia, huona kwamba unatambaa. Hao ni utitiri, wadudu wasiofika nusu milimita kwa urefu, wenye kukaa kwa maelfu ndani ya tumba moja, ambako dawa za kunyunyiza haziwafikii kwa urahisi. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari ya mdudu huyu, lakini hakuna maneno yamstahiliyo zaidi.

Mwaka 1927 watafiti wa East Malling, Hatton na Amos wakiwa miongoni mwao, walitoa ithibati kwamba ugonjwa ule wa utasa huchukuliwa na utitiri kutoka kichaka hadi kichaka. Kiini chenyewe cha ugonjwa, ambacho ni virusi, hakikujulikana kwa yakini mpaka miaka ya 1990, kwa kazi ya wataalamu wa Finland. Yaani kwa takriban miaka sabini wakulima walipigana na adui waliyemjua mpandwa wake, lakini yeye mwenyewe hawakumwona uso. Hapo ndipo ile fadhila ya vijiti ilipogeuka msiba, kwa sababu aliyekata vijiti katika kichaka kigonjwa alipanda ugonjwa kwa mikono yake katika kila shimo. Dawa ya pekee ilikuwa kung'oa na kuchoma moto, na wengi waliona uchungu kuchoma mti ulio hai na wenye majani mabichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye: waliovihurumia vichaka vichache walipoteza shamba zima.

Hayo yangaliweza kubaki kuwa mambo ya wakulima wa Kent na majirani zao, lau si maarifa mapya yaliyopatikana katika miaka ya 1930. Mabaharia wa zamani, waliokufa kwa kiseyeye katika safari ndefu, walijua kwamba ndimu na machungwa huponya, ila hawakujua kwa nini. Sasa ilijulikana kwamba siri ni vitamini C, na tunda lile dogo jeusi lilipopimwa lilionekana kuwa na kiasi kinachozidi machungwa mara tatu au zaidi kwa uzito ulio sawa. Katika kituo cha Long Ashton, karibu na Bristol, Vernon Charley alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza sharubati za matunda halisi, na mwaka 1938 kampuni ya H. W. Carter ya mji huo ikaanza kuiuza sharubati ya kuranti nyeusi kwa jina la Ribena. Mwaka mmoja baadaye vita vikaanza. Nyambizi za Kijerumani zilipozifunga njia za bahari, machungwa yakaadimika, na serikali ya Uingereza ikaitazama kuranti nyeusi kama hazina iliyokuwa imesahauliwa uani; karibu mavuno yote yakageuzwa sharubati, na kuanzia mwaka 1942 watoto wadogo wakagawiwa bure. Tunda lililokuwa dawa ya koo ya mabibi likawa jambo la dola.

Vita vilipokwisha, watu waliozoea ladha ile walitaka kuendelea kuinywa, na mahitaji ya kiwanda si sawa na mahitaji ya jiko la nyumbani. Mama anayepika jamu huridhika na ndoo mbili za matunda, na ikiwa mwaka huu hayakupatikana hupika ya tunda jingine. Kiwanda chataka malori, tena kila mwaka. Aina iliyotawala mashamba ya Uingereza wakati huo iliitwa Baldwin, aina ya zamani yenye ladha iliyosifiwa na maji yenye vitamini nyingi. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kuchanua mapema. Katika nchi zile mwezi wa Aprili una mchana wa jua la kuhadaa na usiku wa jalidi, na ua lililofunguka haliwezi kustahimili nyuzi chache chini ya sifuri. Mkulima hulala akiwa na shamba jeupe kwa maua, akaamka alfajiri na kuona kwamba ndani ya kila ua pameungua pakawa peusi, na riziki ya mwaka imekwenda kwa usiku mmoja.

Waliochukua jukumu la kulitatua jambo hilo walikuwa watu wa Skotilandi. Huko Invergowrie, kando ya mji wa Dundee, kulianzishwa mwaka 1951 kituo cha utafiti wa kilimo cha bustani ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya James Hutton; na wataalamu wake hawakuishia kuichunguza miti ya kwao, bali walitafuta wakwe wa mbali. Kutoka Finland walichukua aina iitwayo Brödtorp, na kutoka Uswidi ile iitwayo Janslunda, kwa kuwa miti iliyokulia katika baridi ya kaskazini imejifunza mambo ambayo miti ya Kent haikupata kufunzwa. Wakaiingiza pia Consort, aina iliyozaliwa Kanada, ambayo katika damu yake mna kuranti ya mwitu ya Mashariki ya Mbali. Wakanada walikuwa wameitafuta ile ya mwitu kwa sababu ya maradhi ya kutu, ambayo hukaa katika kuranti kisha yakaua misonobari, hata Marekani ikafikia kupiga marufuku upandaji wa kuranti mwanzoni mwa karne ya ishirini. Basi kichaka kimoja cha Skotilandi kikawa na ujamaa wa pande tatu za dunia.

Ndoa yenyewe hufungwa kwa mkono, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Mtaalamu hulichagua ua lililo karibu kufunguka ambalo bado halijafunguka. Kwa koleo ndogo kama ya kung'olea unyusi huondoa viungo vyote vya kiume kabla havijamwaga chavua yake, akiwa na hadhari asiuguse ule uzi wa kike uliosimama katikati. Kisha kwa brashi laini hupaka chavua ya mti mwingine aliyoiandaa, akafunika kitawi kwa mfuko ili nyuki asije akatia neno lake katika nasaba hiyo, akaning'iniza kibandiko chenye jina la mama na jina la baba. Tunda likiiva hukamuliwa mbegu, na mbegu huwekwa katika baridi yenye unyevu kwa majuma kadhaa, kwa maana zisipodanganywa kwamba kipupwe kimepita hazioti. Miche inayotokea huwa ni maelfu, na hakuna miwili inayofanana, kama wasivyofanana watoto wa aila moja.

Hapo huanza kazi ambayo mgeni haioni, nayo ni ngumu kuliko ndoa. Miche hupandwa kondeni ikangojewa miaka miwili au mitatu mpaka izae. Kisha hupitiwa mmoja mmoja, na walio wengi hung'olewa. Wachache waliobaki huzidishwa kwa vijiti, wakapandwa safu kwa safu pamoja na aina za zamani ili wapimwe kwa mizani moja: lini kinachanua, kina vishada virefu au vifupi, matunda yanaiva pamoja au kwa zamu, matawi yanasimama wima au yanalala chini, ubwiri unga unakishika au unakipita, uzito wa mavuno ni kiasi gani, na maji yake yana sukari, uchachu, rangi na vitamini kiasi gani. Baada ya hayo huhamishiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe, mahali pa udongo mbalimbali, kwa sababu kichaka kilichozoea malezi ya kituo ni kama mwanafunzi hodari aliyefaulu mtihani wa mwalimu wake tu. Toka ua la kwanza kupakwa chavua hadi mkulima kuuziwa mche, aghalabu hupita miaka 12 hadi 15. Na mtu anayeanza kazi hii akiwa na nywele nyeusi hujua kuwa katika umri wake ataona aina chache tu zikitoka mikononi mwake.

Mwaka 1975 ilitoka Ben Lomond, na kwa kuwa neno Ben katika lugha ya kale ya Waskoti ni mlima, desturi ikashika kwamba kila aina ya kituo kile ipewe jina la mlima wa nchi: Ben Nevis, Ben Alder, Ben Tirran na nyinginezo. Ben Lomond ilichanua kwa kuchelewa kuliko Baldwin, ikaupisha usiku wa jalidi upite kwanza, na mavuno yakawa mengi na ya kuaminika. Wakati huo mashine za kuvunia zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya vikundi vya wachumaji wa mkono, nazo huvuna kwa kulitikisa tawi. Hivyo likaingia katika daftari la mtaalamu sharti jipya ambalo Hatton hakupata kuliwaza, kwamba kichaka kisimame wima kama askari, na tunda liwe imara lisipasuke linapoanguka.

Yule adui wa tumba alibaki. Habari ya kumwandama yeye ina sehemu yake katika bara letu, kwa maana R. L. Knight, aliyeongoza kazi ya uzazi wa mimea huko East Malling, alikuwa amejifunza ustadi wake katika pamba ya Sudan. Huko alihamisha kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria kutoka aina nyingine za pamba hadi pamba ya jamii ya Misri, kwa kumrudisha mwana kwa jamaa ya mzazi mmoja kizazi baada ya kizazi, mpaka kila kitu cha yule mzazi mgeni kimepotea isipokuwa kinga yake. Hikima ile ile, yeye na Elizabeth Keep na wenzao waliitumia Kent. Waliona kwamba utitiri haumshindi gusiberi, binamu wa kuranti mwenye miiba. Lakini mwana wa gusiberi na kuranti aghalabu ni tasa kama nyumbu, ikawalazimu kwanza kumtafutia uzazi, kisha kumrudisha kwa kuranti tena na tena mpaka miiba na tabia za gusiberi zitoweke na kinga ibaki. Mwaka 1974 walitangaza kwamba kinga hiyo imehama. Mwaka 1998 ikatoka Ben Hope, aina yenye kuukataa utitiri. Na katika zama hizo hizo ikatoka Ben Gairn, iliyopata kutoka kwa mzazi wa Kirusi aitwaye Golubka kinga dhidi ya virusi vyenyewe. Tangu Amos na Hatton kumtambua mchukuzi wa ugonjwa hadi mkulima kupata kichaka chenye kumfukuza, ilipita miaka 71.

Mtu angedhani kwamba hapo ndipo pa kuweka kalamu chini. Lakini tazama jinsi masharti ya suluhu yanavyobadilika. Kizazi kizima cha wataalamu kilitafuta mti usioamka mapema, kwa kuogopa baridi ya Aprili. Na sasa vipupwe vya Uingereza vimepungua ukali, na mti uliozoea kulala saa nyingi za baridi haupati usingizi wake kamili. Mtu asiyelala vizuri huamka vibaya: matumba hufunguka kwa zamu, haya leo na yale baada ya juma, maua hayapatani, na matunda hayaivi pamoja, jambo ambalo mashine haiwezi kulivumilia. Kwa hiyo wataalamu wa Invergowrie, wakisaidiwa na wenye kiwanda cha Ribena ambao hununua takriban asilimia 90 ya kuranti nyeusi za Uingereza, wameingia tena kondeni kutafuta miti inayotosheka na baridi kidogo. Hawakuwa wamekosea waliotangulia. Ni hali ya anga iliyovunja mkataba.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wangu, hasa wale walio na madaraka juu ya kilimo katika nchi zetu. Nasi tunazo bustani za namna hii: Mlingano, katika mkoa wa Tanga, ndiko ulikopatikana mkonge chotara nambari 11648, na Ruiru, nchini Kenya, ndiko ilikotoka kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985. Ukipita katika vituo kama hivyo ukaona safu za miti mikongwe isiyovunwa, yenye vibandiko vilivyofifia, usiseme kwamba ardhi imekaa bure na ifaa kugawiwa viwanja; huenda kinga ya maradhi ambayo bado hayajatufikia imelala katika mmoja wa miti hiyo, kama ile ya kuranti ilivyolala katika gusiberi lenye miiba. Gharama ya kuitunza safu moja ya miti ni ndogo, na mti uliokatwa haurudi kwa majuto.